Moto wa Jikoni kwa Mama Mkwe

Kati ya wanafunzi wote waliokuwa wakisomea shahada ya uzamili ya nishati jadidifu kule Njoro mwaka wa 2008, Khaemba peke yake ndiye aliyekuwa hajawahi kuuona moto wake mwenyewe. Usimcheke bado. Mtambo wake wa gesi ya samadi alikuwa ameujenga kijijini Bahati, nyumbani kwa mama mkwe wake, kwa sababu huko ndiko alikopata ng'ombe watatu na mahali pa kuchimba bila kubembeleza mtu. Shimo lilikuwa nyuma ya zizi, na bomba likaingia jikoni. Na Mbukusu aliyelelewa akaleleka haingii jikoni kwa mama mkwe. Hamwamkui kwa mkono, hali naye meza moja, wala hawasemeshani ovyo.

Basi likizo ya Agosti mke wake Milcah ndiye aliyeingia na saa na kipimajoto, akatoka na nambari: maji lita mbili, dakika kumi na tisa. Khaemba aliandika akiwa amekalia ndoo uani, amejawa na furaha kama bwana harusi. Shule zilipofunguliwa Milcah akarudi Kitale kufundisha, na mume akabaki na daftari.

Chuo kilikuwa kimechelewa kufunguliwa mwaka ule kwa zile ghasia za uchaguzi, na miezi iliyopotea hakuna aliyeirudisha. Mtahini wake, Daktari Parminder, mzaliwa wa Nakuru mjini, alimpa tarehe moja tu, Ijumaa ya mwisho ya Septemba.

"Graph zako nimesoma, ziko sawa," alimwambia. "Lakini mimi nataka kuona moto na macho yangu, ukichemsha chai. Kama hakuna moto, tuonane next year."

Mwaka ujao haukumfaa hata kidogo. Chuo kimoja cha ufundi Kitale kilikuwa kimemwahidi kazi ya Januari, akimaliza. Asipomaliza, yeye na Milcah wangeendelea kuonana mwisho wa mwezi kama wachumba, na tayari walikuwa wamefanya hivyo miaka sita.

Siku kumi na nne kabla ya Ijumaa hiyo alifika Bahati akakuta moshi wa kuni ukitoka jikoni. Gesi ilikuwa imekatika. Alikwenda mbio hadi shimoni, akainama, akanusa. Samadi ilinukia kama wodi ya hospitali iliyopigwa deki.

Kuna mtu alikuwa ametia kitu. Na hapo nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu, mama mkwe, ambaye wakati huo alikuwa amechutama upande wa pili wa ng'ombe aitwaye Rosa, akikamua. Khaemba alimpigia Milcah simu, akaambiwa mteja hapatikani. Akasimama pale zizini, na hatimaye msomi huyo akamgeukia ng'ombe.

"Rosa," alisema akiangalia pembe, "hili shimo limekula nini?"

Maziwa yakanyamaza ndooni. Kisha sauti ikatoka nyuma ya tumbo la ng'ombe.

"Rosa, ambia huyo mtu wageni wa university wanakuja. Daktari mzima hawezi karibishwa kwa uchafu. Nilisafisha."

"Rosa, muulize kama alitumia sabuni."

"Sabuni ni ya vikombe. Mwambie niliweka dawa. Ile ya choo, inaua germs zote. Chupa mbili."

Khaemba alitaka kulia, ila kicheko kilimtangulia. Mama wa watu alikuwa amenunua chupa mbili za dawa ili mkwe wake asiaibike mbele ya mwalimu wake! Angemkasirikiaje?

"Rosa," alisema alipoweza, "hao germs ndio wafanyakazi wangu. Ndio wanatengeneza gesi."

"Woi! Rosa, nimeua watoto wa watu!"

Hapo Khaemba akamfundisha Rosa mambo yote ya mtambo, na siwezi kuficha kwamba lilikuwa somo lake bora kuliko yote aliyowahi kufundisha. Kesho yake walianza kazi. Alichota nusu ya shimo kwa ndoo, na jirani yao Jonah, aliyekuwa na mtambo mzima, akawapa mapipa manne ya samadi iliyoiva, iliyojaa wafanyakazi wapya. Mama mkwe alisukuma mkokoteni mwenyewe, leso kiunoni, akikataa kusaidiwa. Kila jioni taarifa ilipitia kwa Rosa.

Siku ya tisa gesi ikaja, lakini haikushika. "Rosa, inazima kiberiti," mama akalalamika. Khaemba akamjibu Rosa kwamba hewa ya kwanza haiwaki, wavumilie. Siku ya kumi na mbili ilizima kiberiti. Alhamisi pia ilizima, na usiku huo Khaemba hakula.

Ijumaa saa nne Daktari Parminder akafika na gambuti zake miguuni. Aliangalia shimo, akagonga bomba, akasema, "Haya, twende jikoni."

"Daktari, mimi siwezi kuingia. Ni kwa mama mkwe."

Daktari alimkazia macho. "Kwa hivyo wewe mwenyewe hujawahi kuona?"

"Sijawahi."

Daktari akaingia bila yeye, akitikisa kichwa, akamkuta mama mkwe na kiberiti mkononi. Khaemba akabaki uani, akisikiliza. Kiberiti kikawashwa, kikazima. Kingine kikazima. Alisikia mama akinong'ona maneno ya Kibukusu ambayo mkwe hatakiwi kuyasikia. Kiberiti cha tano kikawashwa.

"Khaemba!"

Miaka sita alikuwa hajawahi kulisikia jina lake likitoka kinywani mwa mama yule.

"Khaemba, kuja uone! Inawaka!"

Alikimbia, akakwama kizingitini. Mama mkwe, bila hata kumngoja, alibeba jiko na mpira wake wa gesi hadi mlangoni, akalitua mbele ya miguu yake. Ulikuwa moto mdogo, wa buluu, ukiunguruma taratibu. Khaemba alichuchumaa akautazama, machozi yakimtiririka, wala hakujali nani anamwona.

Sufuria ilichemka baada ya dakika ishirini na tatu. Daktari alifunga daftari lake.

"Umepita," alisema. "Sasa nipeni chai."

Mama mkwe alimimina. Lakini kikombe cha kwanza hakumpa mgeni. Alimnyooshea Khaemba, kwa mkono wake mwenyewe, na Khaemba akakipokea.