Siku Waliyokupa Kitabu

Vumbi lilikuwa halijatua bado. Zaina jirani yetu anafagia huku anasema, nami namjibu huku nachambua mchele.

"Mumeo anaringa, Ashatu. Nimempungia mkono, nimemchekea na meno yote, kapita kama kaona mgomba."

"Ana mawazo, shoga. Jumamosi ni kongamano la walimu wa madrasa."

"Na mawazo yanamkataza mtu kucheka?"

"Yanamkataza. Fagia upande wako, usinitie mchanga kwenye mchele."

Nilimdanganya, mume wangu, Mwalimu wangu. Dunda nzima inajua mdomo wangu hauna kufuli: ya kila nyumba ninayo, ukinipa chai nakupa na nyongeza. Lakini hili lako nililimeza. Presha ya macho ilianza kula nuru yako pembeni, ikaja katikati, ikamaliza. Mwaka wa pili huu. "Wazazi wakijua, watawahamisha watoto," uliniambia, na watoto ndio pumzi yako.

Basi tukagawana. Msahafu wote umo kifuani mwako. Mtoto akikosea irabu moja unamdaka hata ukiwa umempa mgongo. Vitabu vya Kiswahili nasoma mimi, mimi wa darasa la saba na soko la samaki. Mimi macho, wewe kifua. Nakusomea jioni, asubuhi unafundisha, na hakuna anayejua.

Kongamano hatukosi, kila mwaka, mtu na mkewe. Nikakupigia pasi kanzu. Nikakushika kiwiko njia nzima, watu wakaona mapenzi. Mapenzi nayo yalikuwamo.

Ukumbini pazia la kijani: wanaume mbele, wanawake nyuma. Kabla hata ya dua ya ufunguzi nilikwishapata harusi mbili za Lugoba na talaka moja ya Vigwaza. Nimekaa vizuri, nimejaa habari, nimejaa watu.

Ndipo mwenyekiti, Mzee Rehani, akasema: "Mwaka huu tuna kitabu kipya cha kufundishia. Kimefika leo, mtagawiwa. Mwalimu Bwanausi, wewe mkongwe wetu, tusomee ukurasa wa kumi na moja, utufafanulie."

Kipya. Hatukukisoma jioni.

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Nikasikia kimya chako. Vimya vyako navijua vyote, cha hasira, cha swala, cha kushiba. Hiki kilikuwa cha mtu anayeitafuta ngazi kwa mguu.

Nami mapajani ninacho kitabu kilekile, nasi wanawake tumegawiwa. Nikinyamaza, watajua. Nikisema, watajua. Ila nikinyamaza utakuwa peke yako.

Nikasoma. Kwa sauti ya sokoni, ile inayouza samaki changu asubuhi, nikasoma mstari wa kwanza, nikatua. Nawe, ng'ambo ya pazia, ukaupokea, ukautafutia aya yake, ukaufungua kama mtu anavyofungua dafu. Nikasoma wa pili. Ukaupokea. Mimi macho, wewe kifua, mbele ya watu.

"Mwalimu," akauliza Mzee Rehani, "nani huyo anayekusomea?"

"Mke wangu. Mimi sioni, Mzee. Mwaka wa pili sasa."

Upande wetu wanawake waliacha hata kujipepea. Nami nikaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Haya," Mzee Rehani akasema. "Mstari wa tatu, Bi Ashatu."

Jumatatu watoto wanne hawakuja. Jumanne tukasikia wamepelekwa madrasa nyingine. Ulikaa na hilo siku nzima, hukugusa chai. Jumatano ukawafundisha waliobaki, nami nikakaa pembeni na kitabu, hadharani, mlango wazi.

Alhamisi adhuhuri, hodi. Mlangoni mwalimu Yunus wa Lugoba na mkewe Mwanvita, niliyekaa naye mkeka mmoja kongamanoni.

"Tumepita tu kuwajulia hali," Mwanvita akasema.

Kutoka Lugoba hadi Dunda hakuna anayepita tu. Mumewe alinisalimu vizuri, kwa adabu, lakini salamu ile akaipa fremu ya mlango. Na Mwanvita alikuwa amemshika mkono wa kanzu kwa vidole viwili, kidogo tu, kama anayemtoa uzi.

Sikuuliza. Mimi huyu, sikuuliza.

"Mwambie ainue mguu, kizingiti kiko juu," nikamwambia Mwanvita polepole. "Halafu piteni ndani mkale. Wali umeiva, na Mwalimu hajaanza."