Bei Niliyomtajia Klaudia

Bukoba nzima ilikuwa inaniita fundi wa bei. Ukitaka kununua gari lililokwisha kutumika, iwe Peugeot ya padri anayerudi Ulaya au Volkswagen ya bwana shamba, unamfuata Protase kule Buhembe. Protase analizunguka gari mara mbili, anasikiliza injini, anakutajia bei, na bei hiyo haina mjadala. Nilijivuna, sikufichi. Mhaya akipewa sifa hazirudishi. Leo mtu akiniita hivyo natamani nimzabe kofi, halafu nijizabe na mimi.

Ugonjwa wangu ni magari ya mbio. Miaka ile baada ya Azimio la Arusha wenzangu walisikiliza redio kwa ajili ya hotuba na mpira. Mimi nilingoja Pasaka nisikie mashindano ya Safari, nani anaongoza, nani amekwama kwenye tope. Mwenzangu katika ugonjwa huo alikuwa Datius wa Muleba. Tulipendana mpaka tukala omukago, undugu wa damu: tukachanjana karibu na kitovu, kila mmoja akameza buni iliyopakwa damu ya mwenzake. Mapadri walikuwa wamekataza, sisi tukameza tu. Wazee husema ukimdanganya uliyekula naye omukago, au mkewe, au mtoto wake, tumbo litavimba mpaka lipasuke.

Datius akaenda kufanya kazi Kampala. Aliniandikia barua moja: "Nimenunua gari. Ukiliona utalia." Kabla sijaliona, homa ikamuua. Gari likaletwa Muleba na nduguze, Ford Cortina ya bluu, wakalisukumia bandani, likawa kitanda cha kuku.

Alimwacha mkewe Klaudia na mabinti watatu. Mtoto wa kiume hakuna. Kwetu kibanja, shamba na nyumba yake, ni cha ukoo, na mjane asiye na mtoto wa kiume hukaa humo kwa huruma ya mashemeji. Mashemeji hawa huruma hawakuwa nayo. Walimwambia avune kahawa ya msimu ule, kisha arudi kwao. Lakini kadi ya gari Datius alikuwa ameiandika jina la Klaudia, na kule Kamachumu kuna mzee alikuwa anauza kibanja kidogo, migomba na kahawa yake, kwa shilingi elfu nne. Mwanamke akinunua kibanja kwa fedha yake, hakuna wa kumfukuza. Ndiyo Klaudia akaniita.

"Shemeji," akaniambia, "mlikula omukago na Datius. Sina mwingine wa kuniambia ukweli. Likifika elfu nne nimepona, mimi na wanangu."

Nikafukuza kuku, nikafungua boneti. Waitu! Kamshafti mbili, kabureta mbili kubwa za mbio. Nikatoa sumaku ninayotembea nayo mfukoni, maana bati lililozibwa kwa lipu haliishiki. Nikaibandika mlangoni, ikaanguka. Nikaibandika kwenye boneti, ikaanguka tena. Haikuwa lipu. Ilikuwa aluminiamu. Hii ilikuwa Cortina ya Lotus, zile za mwanzo, zilizotengenezwa chache ili ziwe nyepesi kwenye mashindano. Nilikuwa nimeisoma kwenye gazeti la magari mpaka kurasa zikachanika. Bei yake nilikuwa nayo kichwani palepale: elfu nane, na kwa anayeijua vizuri, kumi.

Na mimi nyumbani nilikuwa na elfu moja na mia moja.

Nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoanza kuoza. Nilimwita Klaudia karibu, nikaibandika sumaku mlangoni mbele ya macho yake, ikaanguka kwenye mavi ya kuku. "Unaona, shemeji? Hata chuma chake si chuma. Marehemu walimtapeli." Akaziba mdomo kwa kiganja. Nikamwambia mia tisa, tena nalichukua kwa heshima ya Datius. Kisha nikaongeza, kwa hiari yangu, hakuna aliyeniuliza: "Na mtu akija kukutajia maelfu, jihadhari. Hao wanalipa kwa noti bandia, utafungwa uwaache watoto." Ulimi huu. Laiti ningeuuma ukakatika.

Jumamosi iliyofuata nilileta mia tisa. Akazipokea huku amepiga goti, akaniletea rubisi kwenye kibuyu alichokuwa akinywea Datius. Nikanywa.

Miezi mitano nilishinda chini ya gari lile. Lilipowaka lilinguruma hivi kwamba nililia kweli, kama alivyoandika marehemu. Nikalipaka rangi nyeupe na mstari wa kijani ubavuni. Nilikuwa natoka Bukoba hadi Muleba vumbi likiwa limesimama nyuma yangu, watoto wanakimbia barabarani wakishangilia. Na tumbo? Kila asubuhi nililikagua. Halikuvimba hata kidogo. Nikawacheka wazee, lakini sikuweza tena kwenda kukomunika, na Padri aliponiuliza nilimfokea bure.

Klaudia nilisikia amekwenda kisiwani Goziba na wanawe, kukausha furu, vile visamaki vya ziwani, kwenye kambi za wavuvi. Mtoto wa kike kwenye kambi za wavuvi, unajua mwenyewe. Nilisikia, nikaongeza mwendo.

Siku moja ya gulio nilisimama Muleba kununua soda. Watu wakalizunguka gari kama kawaida. Mwanamke mmoja mwembamba, mweusi kwa jua, akapenya na kapu kichwani. Sikumtambua mpaka aliponiita shemeji.

"Ndilo lile?" akauliza. Akaligusa kwa ncha za vidole, kwa woga. "Mungu akubariki, umefufua mkweche. Mwenzio aliliwa fedha zake, wewe mikono yako imelitengeneza."

"Ma Klaudia," nikasema, "hili gari..."

"Usiseme, najua limekutesa. Mimi ndiye wa kukuomba radhi. Mia tisa nzima kwa kitu kile! Nimekuwa naona haya kuja kukuamkia."

Watu walikuwa wanasikiliza. Nilitamani ardhi inimeze, gari na yote.

"Tena kuna jambo nilikuficha," akaendelea, "kwa kuwa nakujua hasira zako, ungekwenda kumpiga mtu. Yule Zahoro fundi wa Bilele alikuja, siku tatu kabla hujaleta fedha. Alilitazama, akanitajia elfu nane. Fedha anazo mkononi, ananionyesha! Nikamwambia tapeli mkubwa wewe, mtu aliyekula omukago na mume wangu ameniambia mia tisa, nani atasema kweli, wewe au yeye? Nikamwitia mashemeji, wakamtoa mbio kwa fimbo. Bila wewe, shemeji, sasa hivi ningekuwa jela."

Zahoro. Mwaka mzima nilikuwa napishana na Zahoro sokoni, ananitazama tu, hanijibu salamu, na mimi nasema Mswahili yule ana kijicho.

"Na kile kibanja cha Kamachumu?" nikauliza.

"Kilishanunuliwa, waitu. Aliyekinunua kajenga. Tuyaache hayo." Akashusha kapu, akamwita binti yake mkubwa, Jovita, msichana wa miaka kumi na sita. Mimba yake ilikuwa imeshaonekana. "Msalimie baba yako. Huyu ndiye pekee ambaye hakutudanganya."

Jovita akapiga goti vumbini, akanisalimu. Mama yake akanifungia furu kwenye jani la mgomba, fungu kubwa, akakataa fedha. Nikawapokea furu kwa mikono miwili, nikasema asante, shemeji.