Ritha wa Chini ya Lambo

Ritha alikuwa akimwagilia mchicha kandokando ya lambo, upande wa Sekenke, mtendaji wa kijiji alipokuja kumwambia kwamba lambo limepata mtu. Bonaventura, mwenye mwalo wa kuoshea udongo wa dhahabu, alikuwa ameliomba. Kila kiangazi maji yakikauka akina mama wa bustani wanaondoka, mtendaji alieleza, na mahali pasipo na mtu hupewa anayepahitaji.

Ritha akauliza, je, mtu akibaki? Mtendaji akasema hapo litakuwa jambo jingine.

Lambo lilipokaribia kukauka, Ritha aliwatazama vyura. Waliingia topeni kinyumenyume, wakichimba kwa miguu ya nyuma, mpaka yakabaki macho, kisha na macho yakazama. Huko chini hawali. Wanapumua kwa ngozi, ilimradi isikauke. Akamwagiza binti yake Eliana asikose shule, akaanza kuingia kama wao.

"Utarudi lini?" mumewe Festo aliuliza.

"Mvua ikinyesha."

Kiangazi chote Festo alikuja jioni na kigoda, akaketi juu ya ardhi iliyopasuka, akamsimulia nani kafiwa, mbuzi gani kazaa. Majirani waliopita walimsalimu Ritha wakiinama kidogo ili asikie. Alisikia yote. Ngozi yake ya juu ilibanduka, ikamzunguka kama mfuko na kumtunzia unyevu. Alisikia pia nguzo za uzio zikichimbiwa, na mtendaji akimwambia Bonaventura kwamba hapa hakuna mtu.

Mvua ya kwanza ilimtoa pamoja na vyura. Walikula ngozi zao kuukuu, naye akala yake, akanawa uso. Vyura wakataga mayai yasiyo na ganda, ute mtupu wenye vitone vyeusi. Wakatoka viluwiluwi, wenye mikia, wakipumua majini kwa matamvua kama samaki.

Bonaventura alipoleta pampu, alimkuta ameketi katikati, maji kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zima hiyo mashine. Watoto hawajaota miguu."

Bonaventura alisema ana kibali. Ritha alisema yeye hakuondoka. Mtendaji akaitwa, akakiri kwamba mama alikuwapo, ila kuwapo chini hakuhesabiki. Pampu ikawashwa.

Ritha akageuka, akachimba kwa miguu mpaka akapata shimo refu kuliko mpira wa pampu. Maji yaliyosalia yakakusanyika humo. Viluwiluwi wengi walikaukia topeni. Waliowahi shimo waliota miguu, mikia ikapungua, wakapata mapafu, wakatoka wakirukaruka.

Mchicha haukupandwa tena. Mpaka leo maji yanakwenda mwaloni, na uzio uko palepale. Kiangazi kiliporudi, Ritha alikuwa amezama hadi kiunoni pale jirani zake Dina na Theresia walipopita chini ya waya, wamevua viatu. Dina alianza kuchimba mara moja. Theresia aliuliza kama huko chini kuna baridi.

"Ipo," Ritha alisema. "Sogea huku."