Mkono Ndani ya Sufu

Mzee Matar hakuwa na ugomvi na kondoo. Ugomvi wake ulikuwa na wakubwa: wakubwa wa Pemba waliomfanya aikimbie nchi, wakubwa wa kaunseli ya Waingereza, wenye nyumba aliyopanga, waliomwacha na ukungu ukutani miaka nenda miaka rudi, na zaidi ya wote wakubwa wa hospitali. Hao walimsikiliza mkewe Suad kwa simu tu, wakamwambia asubiri vipimo, na vipimo vilipokuja mwenye kupimwa keshakwisha. Kila akipanda basi la jioni la kurudi kwake Peckham humsimulia marehemu makosa yao mapya, kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza, na kiti cha kando yake hakikaliwi na mtu.

Kondoo aliwarithi kwa Suad. Ndiye aliyekigundua kile kishamba nyuma ya magorofa ya Lewisham, kondoo wa sufu ndefu wanakula majani katikati ya mji na treni zinapita juu yao. Kila Alhamisi akienda kuomba sufu ya kusokota, akirudi na harufu ya zizi mpaka kwenye mtandio. Jike mkubwa kuliko wenzake alimpa jina la Bi Mkubwa. "Huyo ndiye mke mwenzangu," akimtania mumewe. Suad alipozikwa, Matar alikwenda kumpa Bi Mkubwa habari, na tokea hapo hakuacha kwenda. Wenye kishamba wakampa koleo na mabuti, awe msaidizi.

Msimamizi wa kondoo alikuwa Zipporah, mwanamke wa Kinangop aliyekulia zizini, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya reli. Kwa Matar hilo halikumwokoa. Mkubwa ni mkubwa. Majani yalipoanza kuota walikuwa wamekwisha kugombana.

"Wape dawa ya minyoo wote, mwezi kwa mwezi, tulale salama," Matar alisema.

"Dawa si chai, Mzee. Tunapima kinyesi kwanza, na mwenye minyoo wengi ndiye anameza. Tukiwapa wote kila saa, minyoo watazoea. Siku tukiitaka kweli haitafanya kitu."

"Subirini vipimo! Wimbo huo n'naujua mie, nishaimbiwa."

Basi kila mwezi kondoo wakapitishwa mmoja mmoja kwenye kichochoro cha mbao, Zipporah akiwapapasa mgongo, akiwafunua kope, akichukua kinyesi chao. Bi Mkubwa hakupenda kushikwa. Hurusha mateke na kulia kama mtu anayeibiwa. Matar akawa anamfungulia mlango wa pembeni.

"Mwacheni mama wa watu. Kanona hivi anapimwa nini? Hata kidevu cha pili kishamwota, kama mke wa waziri!"

Zipporah, mikono imejaa kondoo wengine, alicheka akaachia.

Oktoba ikaja na mvua za vuguvugu. Alhamisi moja Bi Mkubwa hakuja getini kumpokea. Matar alimkuta kalala kando ya ua. Akamnyanyua; mnyama akajikokota kidogo, akapiga magoti. Mzee alikwenda ofisini mbio, mabuti yakimvuka.

"Hamkumpa dawa! Ndivyo mlivyo nyote, mnakaa na vipimo vyenu mpaka mtu afe! Mmekwisha kuniulia mmoja, mnanimalizia na huyu!"

Zipporah alinyakua mkoba akatoka, na Matar nyuma yake, anatukana huku anakimbia.

"Vua koti umlaze kichwa juu yake," Zipporah alisema, kapiga magoti kwenye tope. "Sasa ingiza mkono hapa mgongoni. Ndani, Mzee, usipapase juu juu."

Mkono wa Matar ulizama kwenye sufu, akangojea nyama. Nyama haikuwapo. Vidole vilikuta uti wa mgongo umesimama kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi, na mbavu zinahesabika. Zipporah akafunua kope. Ndani kweupe, kama kulikopakwa chokaa.

"Ni wale minyoo wa kunyonya damu. Na hicho kidevu cha pili si mafuta, ni maji. Damu ikiisha, maji hujaa hapo."

"Kwetu mnyama akikonda unamwona tokea barabarani," Matar alisema, sauti imemshuka.

"Kwenu hawana sufu ya namna hii. Huyu macho hayamfikii. Ni mkono tu."

Matar hakuutoa mkono. Suad naye alikuwa mtu wa mitandio, mmoja juu ya mwingine, na baridi ya mji huu ikamwongezea sweta. Nani angeona? Si daktari wa kwenye simu. Wala si yeye aliyelala naye kitanda kimoja.

Daktari wa mifugo alikuja, Mwingereza mrefu, akampa Bi Mkubwa dawa na sindano, akasema hana ahadi kuwa atapona. Kisha akamgeukia Zipporah: ilikuwaje kondoo huyu akakosa kupimwa?

Matar alijikaza. Aliujua mchezo huu. Sasa hivi atasikia jina lake.

"Nilimruka mimi," Zipporah alisema. "Kondoo wa hapa wako juu yangu."

Mzee alimtazama. Kaishi nchi mbili, chini ya wakubwa wa kila rangi, na hajapata kumsikia hata mmoja akilitamka neno hilo. Daktari alipoondoka, mzee alikohoa.

"Mlango n'lifungua mie, mwanangu."

"Na mimi nilikuona ukifungua, nikacheka. Shika ndoo, ukalete maji."

Matar alikuja kila siku, hata Jumapili. Alimlisha Bi Mkubwa mkononi, akamtandikia nyasi kavu, akamwombea kwa jina. Wiki ya pili ilipokatika alimkuta kasimama. Alipoinama kumwekea chakula, Bi Mkubwa alimpiga kichwa cha matakoni, mzee akaangukia ndoo. Alicheka hapo chini mpaka machozi. Zipporah alikuja mbio, akamfunua mnyama kope: wekundu ulianza kurudi.

"Dawa imefanya kazi kwa sababu minyoo wa hapa hawaijui," alisema.

"Ningekuwa mkubwa mie, wangekwisha kuijua."

"Wangeinywa na chapati! Hebu kaa." Alimwekea mkebe mapajani. Ndani mlikuwa na chapati na ndengu, ambazo kwa Matar ni choroko. "Hakuna nyama, usianze kuniuliza nani kachinja."

"Nani kakwambia n'na njaa?"

"Ulivua koti, Mzee."

Matar alijitazama: shati lilikuwa linamning'inia kama la kuazima. Tokea Suad aondoke, jikoni kwake hupikwa chai tu. Alimega chapati. Alikula mkebe wote, akaupangusa kwa kipande cha mwisho, ndipo akasema, "Ahsante, mwanangu. Kwa Bi Mkubwa na kwa mie."

"Alhamisi ijayo nitaleta mkebe mkubwa. Na Bi Mkubwa anapita kichochoroni kama wenzake."

"Nitampitisha mwenyewe. Tena nitamshika miguu."

Jioni, ndani ya basi, midomo ilianza kumcheza kama kawaida. Suad, alisema, leo yule mkubwa wa kishambani... Alisita, maana lawama aliyozoea kuianza hapo hakuiona. Akamweleza habari ya ndoo, na ya kope. Mwombee yule binti, alisema, ana mkono mwema. Ila ndengu zake hazina nazi. Hilo tutamwambia polepole.