Mkwe Ndani ya Uzio

Kwetu Usukumani mama mkwe hatazamwi usoni, hasemeshwi, wala jina lake halitamkwi. Ukimwona njiani, unaingia porini mpaka apite. Ni adabu nzuri, ila aliyeianzisha hakuwahi kulinda ndani ya uzio wenye geti moja.

Mimi ni mlinzi wa kituo cha umeme wa jua, huku karibu na Songwa. Zamani shirika la umeme liliwasha majenereta ya dizeli kila umeme ulipopungua, na masizi yakatua kwenye nguo tulizoanika. Sasa limeamua kupunguza moshi unaoharibu hali ya hewa. Majenereta yamenyamaza, nami nimepata kazi. Sina ugomvi na jua. Ninachokasirikia ni mahali walipoziweka paneli zao: kwenye ngitili ya wakwe zangu, malisho waliyoyafunga masika yote ili mifugo ipate kula kiangazi. Walipohamishiwa hakuoti hata jani.

Kiangazi hiki kimewaachia ng'ombe mmoja tu, tena ana mimba. Asubuhi moja nikamkuta mama mkwe chini ya paneli, mundu mkononi, anakata nyasi zilizonawirishwa na maji ya kuoshea paneli. Alikuwa amepenya kwenye mfereji chini ya uzio. Nikageuka nimpishe. Nimpishe niende wapi? Mbele waya, nyuma waya. Nikajibanza nyuma ya nguzo, naye akajifunika kanga usoni. Neno moja tu, "Ondoka," lingetuokoa sote. Kinywa kikagoma.

Kumbe kamera ya ulinzi ilishamwona. Injinia Agnetha, mkuu wa kituo, akafungua geti mwenyewe, akaingia na gari lake.

"Maige, huyu ni nani?"

Injinia akashuka garini.

"Nyaya zetu za shaba ziliibwa juzi. Kama unamjua, basi mnashirikiana, na kazi huna. Kama humjui, ni mwizi, anakwenda polisi. Jina lake nani?"

Nikisema namjua, wanangu watakula nini? Nikisema simjui, nitalala vipi nyumba moja na binti yake?

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia injinia, "huyu kijana simfahamu. Nimeingia mwenyewe, natafuta nyasi za ng'ombe wangu."

Injinia akampakia garini, na geti nikawafungulia mimi mwenyewe.

"Hizo nyasi zichome moto," injinia akaniagiza dirishani, kisha wakaondoka.

Kituo cha kupunguza moshi, na mimi naambiwa nichome! Nje ya uzio ng'ombe alikuwa amefungwa kwenye mgunga, mbavu zinahesabika, ananitazama. Kamera nayo ilikuwa inanitazama. Nikabeba furushi la nyasi, nikalirusha ng'ambo ya waya. Kisha nikashika redio ya mkononi.

"Injinia, huyo mama anaitwa Febronia. Ni mama mkwe wangu. Hajaiba kitu. Mrudishe, kazi chukua."

Jina hilo sikuwahi kulitamka tangu nioe. Huko barabarani gari likasimama, vumbi likatulia, halafu gari likaanza kugeuza.

Nikafungua geti, nikavua kofia ya kazi nikaitundika kwenye komeo. Kisha nikarudi nyuma ya nguzo yangu, nimpishe mkwe.