Kiazi Kwenye Mfereji

Mgeni alitokea upande wa juu wa shamba, mahali pasipo na njia. Badala ya kusalimu, alipiga magoti penye ukuta wa bwawa akaupapasa kama mtu anayepapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba.

"Wewe!" Mwongera alipaza sauti, jembe mkononi. "Umepoteza nini hapo?"

"Sijapoteza, nimepata. Ukuta wako unatoka jasho. Nani aliujenga?"

"Mimi na rika langu. Tuliukokota udongo kwa ngozi za ng'ombe, miezi minne. Na wewe ni nani wa kupapasa ukuta wa watu?"

Mgeni akatoa pasi ya kusafiria kutoka mfukoni. Siku hizo za Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, mtu alionyesha pasi kwanza, jina lilifuata baadaye. Aliitwa Thuranira. Alikuwa amechimba mabwawa miaka minane kwenye shamba la mzungu kule Timau, na sasa vibarua walikuwa wamerudishwa makwao. Alikuwa akienda Maua, na pasi ilimtaka awe amefika kesho jioni. Mwisho akataja ukoo wake.

Kawira, mke wa Mwongera, aliyekuwa akipalilia maharagwe, akaangua kicheko. "Baba Kanana, umekwisha! Huyo ni gichiaro."

Mwongera akaweka jembe chini. Ukoo wake na ukoo wa mgeni zilikuwa zimekula kiapo zamani za mababu, na ndugu wa gichiaro hadanganywi wala hanyimwi anachoomba. Watu wameugua, wengine wamefilisika mifugo, kwa sababu ya kumnyima ndugu kama huyo kitu kidogo tu.

"Karibu, ndugu," alisema kwa sauti tofauti kabisa. "Kula kwanza."

Kawira akachoma kipande cha kiazi kikuu. Kilikuwa cheupe ndani, kikavu, na Thuranira alikila huku amefumba macho. Aliposhiba alisimama akaufuata ukuta hadi mwisho wake, mahali palipochimbwa mfereji wa kupitishia maji bwawa linapojaa. Mfereji ulikuwa umezibwa kwa mawe na vigogo vya migomba.

"Nani amefunga koo la bwawa hili?"

Mwongera akatazama mawingu. Hakukuwa na mawingu.

"Muulize kiazi," Kawira alisema.

Kando ya mfereji ulisimama mti wa muringa, na kwenye muringa ulipanda mmea wa kiazi kikuu, majani yake yakimeta hadi juu. Baba yake Mwongera alikuwa amekipanda mwaka Mwongera alipotahiriwa. Kila mwaka walichimbua pembeni wakaacha shina, na kila mwaka kilirudi. Katika Tigania kiazi kikuu ni zao la wanaume, na mwanamume asiye nacho hana la kujivunia mbele ya wakwe. Bwawa lilipojaa mara ya kwanza, maji ya mfereji yalianza kula udongo wa kiazi. Mwongera akaziba, akasema ni kwa siku chache tu. Miaka mitatu ikapita, yenye mvua haba.

"Hapo chini walikaa nani ulipochimba?" Thuranira aliuliza.

"Tumbili."

"Na sasa?"

Wote watatu wakatazama bondeni. Mapaa ya nyasi yalibanana kando ya kijito, ndani ya handaki na vigingi vilivyochongwa, mnara wa askari katikati. Serikali ilikuwa imewahamishia watu wote huko mwaka uliopita. Hata Mwongera na Kawira walilala huko. Shambani walikuja mchana tu.

"Sasa tumbili ni sisi," Kawira alisema.

"Ndugu yangu," Thuranira alisema, "ukuta wa udongo hauuawi na maji yaliyo nyuma yake. Unauawa na maji yanayopita juu ya kichwa chake. Zamani ungesikia mvua kubwa, ukaamka, ukaja kuzibua. Sasa saa kumi lango la kijiji linafungwa. Tangu saa kumi hadi asubuhi ukuta huu hauna mwenyewe. Naomba uondoe mawe."

"Omba mbuzi."

"Sitaki mbuzi."

"Omba dume, yule mwekundu. Mtazame alivyo na nundu!"

"Ni mzuri. Naomba mawe."

"Binti ningekupa, lakini gichiaro kinakataza."

"Baba Kanana," Kawira alisema, "acha kupiga mnada wa familia."

Mwongera akashika jani moja la kiazi, akaliachia. "Umekula kiazi changu, sasa waniomba nikiue. Haya. Bado ni kiangazi, niache nacho kidogo. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, ile ya pili, kabla lango halijafungwa, nitaondoa mawe. Nimesema."

"Nimesikia," Thuranira alijibu. Akatia kipande kilichobaki mfukoni, akaondoka kwa hatua ndefu.

Mvua ilikuja baada ya wiki tatu. Ilinyesha siku ya kwanza tangu alfajiri. Siku ya pili ilinyesha hadi saa nane, bwawa likabakiza kimo cha dhiraa moja lifike juu ya ukuta. Kisha ikakatika ghafla, jua likatoka, ndege wakaanza kuimba kama walioajiriwa.

Mwongera alikuwa amesimama kwenye mfereji na mtaimbo.

"Jua limetoka," Kawira alisema taratibu. Yeye ndiye aliyecheka sana siku ile, lakini kiazi hicho kilikuwa kimelisha harusi yake. "Siku ya pili haikutimia. Thuranira mwenyewe angekubali."

"Sikumwambia isipokuwa jua likitoka."

Phyllis, mwalimu wa shule ya kijijini, alikuwa akipita na mzigo wa kuni. "Mzee Mwongera, mvua imeisha! Utajitoa jasho bure."

"Nyumba yako ni ya ngapi kutoka kijitoni, mwalimu?"

"Ya kwanza. Nikinyoosha miguu nalowa."

Mwongera akageuka akatazama milima ya Nyambene. Huko juu kulikuwa kweusi. Huenda mvua ingekuja, huenda isije. Thuranira alikuwa Maua, asingejua kamwe. Akatia mtaimbo chini ya jiwe la kwanza.

Waliondoa mawe wote watatu, maana Phyllis alitua kuni bila kuombwa. Kigogo cha mwisho kilipotoka, maji yaliingia mfereji kwa kishindo, yakageuka mekundu, yakaula udongo chini ya muringa kama ugali. Mmea ukabaki ukining'inia mtini. Kiazi chenyewe kikabingirika, kinene kama ndama. Phyllis alikirukia, akakikumbatia, akaketi nacho ndani ya matope hadi kiunoni.

"Nimemshika babu!" alipiga kelele, na hata Mwongera, aliyekuwa na machozi, akacheka.

Walifika langoni wakikimbia, kiazi mabegani.

"Saa kumi imepita," askari alisema. "Na huyo mliyembeba, iko wapi pasi yake?"

"Huyu ni mzee," Kawira alijibu. "Hajawahi kutoka nyumbani tangu azaliwe."

Askari akajaribu kukunja uso, akashindwa. Akawaingiza, akawapa zamu ya kufagia kambi wiki nzima.

Asubuhi, lango lilipofunguliwa, Mwongera alipanda mlimani mbele ya wote, ufagio bado mkononi. Mvua ya Nyambene ilikuwa imeshuka. Bwawa lilikuwa limebakiza upana wa kiganja tu lifike juu ya ukuta. Maji yalikuwa yakipita kwenye mfereji, mapana, yakiimba. Muringa haukuwepo tena. Mahali pake palikuwa shimo.

Akachukua kichwa cha kiazi ambacho Kawira alikuwa amekikata na kukifunga kwa jani la mgomba, akatafuta mahali pa kukipanda, mbali na mfereji. Pa kwanza hapakumpendeza. Pa pili pia.

"Panda basi," Kawira alimwambia. "Kambi inasubiri kufagiwa."