Mwanangu, Vua Kofia

Ukitaka kujua filamu ambayo haijapigwa hata picha moja itaishaje, usiwaulize wenye filamu. Nenda kwa kinyozi. Pale utaambiwa nani anakufa, nani anafufuka, na mtengenezaji amekosea wapi, na kazi yenyewe hajaianza!

Siku hiyo nyaya za darini kwa kinyozi ziliungua, mashine ya kunyolea ikazimika katikati ya kichwa cha mteja. Mteja huyo watu walimwita Profesa kwa sababu ya miwani na ubishi, shule hapana. Basi akakaa na kichwa chake, nusu msitu nusu uwanja, akimsubiri Fundi amalize. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, anashika umeme tangu ana kumi na tisa, naye wakati huo alikuwa juu ya ngazi na bisibisi mkononi.

"Radi ni mwanaume," Profesa alisema. "Filamu ikitoka mtanikumbuka."

Radi, kwa asiyejua, ni shujaa wa kuchorwa. Kwa miaka minne alitokea gazetini kila Jumamosi, kofia ngumu imemfunika uso, akipanda nguzo na mapaa kuokoa watu, na umeme ukimtii. Mchoraji hakumvua kofia hata mara moja. Halafu mchoraji akafa, mashabiki wakabaki na swali lao miaka ishirini na mmoja. Sasa filamu inakuja, na ubishi umeanza upya kana kwamba gazeti limetoka jana.

Fundi alisikiliza akikaza skrubu. Hawakujua kuwa mchoraji huyo alikuwa kaka yake, baba mmoja, mama mmoja. Hakuwaambia, na sababu alikuwa nayo. Alipoanza kazi ya kupanda nguzo mtaa mzima ulimcheka, akavumilia. Kilichomkata maini ni kumsikia kaka yake akiwaambia rafiki zake, "Mdogo wangu yuko ofisini, anapiga chapa." Alimwonea haya! Fundi akafungasha, akapanga chumba chake, na tangu hapo hakufungua hata ukurasa mmoja wa michoro ya kaka. Alisikia tu kuna Radi, akaamini ni kaka mwenyewe, kajichorea misuli aliyonyimwa na Mungu. Kisha kaka akaugua ghafla na kufa, hawajapatana.

Na mfukoni mwa ovaroli yake kulikuwa na karatasi ya kampuni ya filamu. Mrithi alibaki yeye peke yake, kwa hiyo wakili wao alitaka jibu lake kabla ya saa kumi alasiri: "Mhusika Radi ni mwanaume / mwanamke. Kata lisilohusika." Kijana wa kuigiza walishampata, ana kifua na meno mazuri. Fundi alikusudia kukata "mwanamke", atie sahihi, yaishe.

"Ushahidi uko toleo la mwisho," Profesa aliendelea. "Radi anarudi amechoka, anafika mlangoni, sauti toka ndani inamwita mwanangu. Sasa nani huitwa mwanangu? Si mimi na wewe! Mwanangu vipi, mwanangu umepotea. Huyo wa ndani ni swahiba wake. Na wanaume hatumwiti mwanamke mwanangu!"

"Huyo ni mama yake, bwana wee," kinyozi alisema. "Mama akisema mwanangu, hachagui wa kiume wala wa kike."

"Mama katokea wapi? Hajatajwa toleo hata moja!"

"Basi tusome, tukate mzizi wa fitina." Kinyozi akavuta droo, akatoa gazeti lililofunikwa nailoni, akakohoa kidogo na kusoma kwa sauti ya mtangazaji: "'Mwanangu, vua kofia ule. Umeme wa watu hauishi, chakula ndicho kinachoisha.'"

Bisibisi ilianguka. Ilimkosa Profesa padogo, upande wa uwanja.

"Rudia," Fundi alisema.

Kinyozi akarudia. Fundi akashuka ngazi. Maneno yale alikuwa akiambiwa na marehemu mama yake kila jioni alipotoka kazini na kofia ya kazi kichwani. Aliambiwa yeye, hakuambiwa mwingine. Na kaka alikuwa palepale mezani, kainamia karatasi zake, hainui macho.

Akalichukua gazeti. Radi amesimama mlangoni, amechorwa kwa mgongo, amelegea mabega. Mkanda wa vifaa kiunoni umevaliwa kinyume, bisibisi na koleo viko kushoto, kama anavyovaa mtu wa mkono wa kushoto. Fundi aliutazama mkanda wake mwenyewe.

"Ni mama," alisema.

"Fundi, hapa tunazungumza lugha ya vijana," Profesa alianza.

"Ni mama yangu! Alikuwa ananiita mimi, na huyo mliyempa misuli miaka yote hiyo ni mimi, na aliyenichora ni kaka yangu!"

Profesa akatazama gazeti, akatazama mkanda, akatazama gazeti tena. Fundi aliketi kwenye kiti cha wateja akalia waziwazi mbele ya vioo. "Nimemnunia mpaka kafa," alisema. "Kila Jumamosi ananichora, na mimi nimenuna!"

Kinyozi akampa taulo safi. Alipotulia, Fundi alitoa karatasi, akakata "mwanaume" kwa mstari mmoja mzito, akampigia wakili.

"Lakini kijana tumeshampa mkataba," wakili alilalamika.

"Mpeni kazi ya kushika ngazi."

"Mama, hili ni jambo kubwa. Una hakika? Mchoraji mwenyewe alikwambia?"

Fundi alilitazama gazeti lililofunguka mapajani.

"Aliniambia," alisema. "Mimi ndiye sikusoma."